GESI ISIYOONEKANA KANDOKANDO YA GALAKSI: TUNAJUAJE KUWA IPO?

Na Ustadhi wa Darasa la Sita

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



UTANGULIZI

Jioni moja nilikuwa nikifundisha somo la Jua, Mwezi na nyota. Nilichora galaksi mbili ubaoni, moja kila upande, kisha nikasema: "Hapa katikati hapana kitu, ni patupu." Mwanafunzi mmoja wa kike akainua mkono, akauliza: "Ustadhi, nani alikwenda huko akaona kuwa hapana kitu?" Darasa zima likacheka. Nami nikajibu kwa haraka haraka ili kipindi kisiishe, tukaendelea.

Usiku nilipotulia nilitambua kuwa aliyekosea hakuwa yeye. Mimi ndiye niliyesema jambo nisilolijua kana kwamba ninalijua. Nilipotafuta vitabu na kusoma, nikakuta kuwa mahali nilipopaita patupu pana gesi nyingi mno, na kwamba gesi hiyo ndiyo inayoamua galaksi itaendelea kuzaa nyota au itazeeka. Kwa hiyo somo hili ni jibu la mwanafunzi yule, na pia ni masahihisho ya somo langu mwenyewe.

Swali letu ni moja: kitu ambacho jicho halikioni, na ambacho hakuna mtu aliyekifikia, wataalamu wa falaki wamejuaje kuwa kipo? Tufuatane hatua kwa hatua, in shaa Allah.

1. GALAKSI NI NINI?

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi, vyote vikiwa vimeshikamana kwa nguvu ya mvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe, ambayo ina nyota zaidi ya bilioni 100. Ule mkanda mweupe unaouona angani usiku wa giza ndiyo galaksi yetu, tukiitazama tukiwa ndani yake.

Masafa ya huko hayapimiki vizuri kwa kilomita, kwa hiyo wataalamu hutumia mwaka wa nuru. Huu ni umbali ambao nuru inakwenda kwa mwaka mmoja, nao ni kiasi cha kilomita trilioni 9.5. Jirani yetu mkubwa ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi.

Andromeda ina historia ambayo mwanafunzi wa madrasa anapaswa kuijua. Mtu wa kwanza tunayemjua kuwa aliandika habari zake ni mwanachuoni Mwislamu, Abd al-Rahman al-Sufi, aliyezaliwa mwaka 903 na kufariki mwaka 986. Alifanya kazi yake katika mji wa Isfahan, Uajemi. Katika kitabu chake cha nyota, kilichoandikwa yapata mwaka 964, alikitaja kitu hicho kuwa ni kama wingu dogo. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho yake, subira na kalamu.

Zaidi ya miaka 950 ilipita ndipo ikathibitika kuwa wingu lile ni galaksi nyingine kabisa. Mwaka 1923 Mmarekani Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson, aliona ndani yake nyota ya aina inayobadilika mwangaza kwa vipindi maalumu. Nyota za aina hiyo hutumika kupimia umbali, na kipimo kikaonyesha kuwa Andromeda iko mbali sana nje ya Njia Nyeupe.

Hata sisi tunaoishi pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, tunaweza kuiona. Mwezi wa Novemba, kiasi cha saa tatu usiku, simama mahali penye giza na utazame kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona ukungu mdogo mrefu. Karibu na hapo ipo nyota iitwayo Alpheratz. Sikiliza jina hilo vizuri: limetoka katika Kiarabu, al-faras, nalo ni lile lile tunalosema sisi, farasi.

2. FIKRA YA KWANZA: LAZIMA KUNA KITU

Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Lyman Spitzer, alitoa hoja nzuri. Galaksi yetu ina umbo la sahani. Ilikwisha kuonekana kuwa juu na chini ya sahani hiyo kuna mawingu ya gesi. Spitzer akajiuliza: mbona mawingu haya hayatawanyiki? Moshi wa jikoni ukitoka nje hutawanyika mara moja. Akasema kuwa lazima kuna gesi nyingine, nyembamba sana na yenye joto kali, inayoizunguka galaksi yote na kuyabana mawingu yale yasitawanyike.

Mwaka 1969 Spitzer na mwenzake John Bahcall wakaongeza hoja nyingine. Walisema kuwa kama galaksi nyingi zimezungukwa na gesi pana namna hiyo, basi nuru ya vitu vya mbali ikipita ndani yake itafika kwetu ikiwa na alama.

Angalieni, wanafunzi: mpaka hapo ilikuwa ni fikra tu. Ilikuwa fikra yenye sababu, lakini bado haikuwa ushahidi. Mtu mwenye elimu hutofautisha mambo haya mawili.

3. KWA NINI URUJUANIMNO, NA KWA NINI JUU ANGANI?

Gesi hii haiwaki kama taa. Mwanga wake wenyewe ni hafifu mno, kwa sababu gesi yenyewe ni nyembamba kuliko utupu wowote unaotengenezwa na watu katika maabara. Lakini inaweza kuzuia nuru ya vitu vingine. Hapo ndipo ilipo njia ya kuikamata.

Nuru tunayoiona ina rangi kuanzia nyekundu hadi urujuani, kama tunavyoziona katika upinde wa mvua. Baada ya urujuani kuna miale mingine ambayo jicho halioni, nayo huitwa miale ya urujuanimno. Katika miale hiyo ndimo haidrojeni, kaboni, silikoni na oksijeni zenye joto zinapoacha alama zake zilizo wazi zaidi. Haidrojeni huzuia mwale wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Oksijeni yenye joto la nyuzi laki kadhaa huzuia miale miwili, ya nanomita 103.2 na 103.8. Jicho la binadamu huona kuanzia kiasi cha nanomita 400 hadi 700 tu.

Shida ni kwamba hewa ya dunia, hasa oksijeni na tabaka la ozoni, huzuia miale hiyo isifike ardhini. Kwetu hiyo ni rehema, maana ingefika yote ingeunguza ngozi na kudhuru viumbe. Lakini kwa mtaalamu wa falaki ni pazia. Hata akijenga darubini juu ya mlima mrefu kiasi gani, pazia lipo juu yake. Haina budi darubini ipelekwe juu ya hewa.

Spitzer mwenyewe alikuwa ameandika tangu mwaka 1946 juu ya faida ya kuwa na darubini angani, wakati ambapo hakuna chombo chochote kilichokuwa kimewahi kuizunguka dunia. Mwaka 1972 ilirushwa satelaiti ya Copernicus, ambayo iliona alama za oksijeni yenye joto kali katika galaksi yetu. Darubini ya Hubble ilirushwa mwezi Aprili 1990. Spitzer alifariki mwaka 1997, akiwa ameiona ikifanya kazi. Mwezi Mei 2009 wanaanga waliokwenda kwa chombo cha Atlantis waliifungia Hubble kifaa kipya cha kuchambua miale ya urujuanimno, kinachojulikana kwa kifupi kama COS. Kifaa hicho ndicho kilichoufungua mlango wa somo letu.

4. NURU INATOAJE USHAHIDI?

Mnajua jinsi ninavyoita majina asubuhi. Ninaita jina la kwanza, la pili, la tatu. Kila mtu anaitika. Nikifika jina fulani, kimya. Simwoni mtoto yule, lakini kimya chake kimenipa habari: hayupo. Na nikiona kuwa wasioitika ni ndugu watatu wa nyumba moja, ninajua zaidi: nyumbani kwao kuna jambo.

Nuru huchambuliwa vivyo hivyo. Mbali sana nyuma ya galaksi kuna vitu vinavyong'aa mno viitwavyo kwazari. Kwazari ni kitovu cha galaksi ya mbali, ambako gesi inazunguka na kutumbukia katika shimo jeusi zito sana, nayo hutoa mwanga mkali kabla ya kutumbukia. Umbali mkubwa wa vitu hivi ulitambuliwa mwaka 1963 na Maarten Schmidt.

Nuru ya kwazari huondoka ikiwa na mfululizo wa rangi zake. Ikipita katika gesi iliyo kandokando ya galaksi, kila elementi hunyakua miale yake maalumu. Ikifika katika kifaa cha Hubble, hupasuliwa kama upinde wa mvua, na mtaalamu huanza "kuita majina". Mahali fulani panakuwa na pengo jeusi. Pengo la nanomita fulani ni haidrojeni, la nanomita nyingine ni kaboni, na jingine ni silikoni. Upana na kina cha pengo huonyesha kiasi cha gesi na mwendo wake.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: "Tutajuaje kuwa gesi hiyo ni ya Andromeda na si ya galaksi yetu, maana nuru imepita kote kuwili?" Swali zuri. Kumbukeni gari lenye king'ora: likija upande wako sauti huwa nyembamba, likikupita sauti huwa nzito. Nuru nayo hubadilika kwa mwendo. Andromeda inatujia kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa sekunde, ukipima kutoka kwenye Jua. Kwa hiyo mapengo ya gesi yake husogea kidogo kutoka mahali pake pa kawaida, yakajitenga na mapengo ya gesi ya hapa kwetu.

5. WALICHOKIKUTA

(a) Galaksi za mbali. Mwaka 2011 kundi la wataalamu likiongozwa na Jason Tumlinson lilitoa matokeo ya uchunguzi wa galaksi 42, kila moja ikiwa na kwazari nyuma yake. Galaksi zilizokuwa bado zinazaa nyota, karibu zote zilikuwa zimezungukwa na oksijeni yenye joto, hata kwenye umbali wa mamia ya maelfu ya miaka ya nuru. Zile zilizokwisha kuacha kuzaa nyota, ni chache tu zilizokuwa nayo.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Oksijeni haikuwapo ulimwengu ulipoanza. Hutengenezwa ndani ya nyota. Ukikuta majivu uani, unajua kuwa kuna moto uliwaka jikoni na mtu akayatoa nje. Vivyo hivyo, oksijeni iliyo mbali nje ya galaksi ni dalili kuwa nyota zilizolipuka ziliitupa huko. Na kiasi chake si kidogo: oksijeni iliyo nje inalingana na ile iliyomo katika gesi ya ndani ya galaksi hizo, au huenda inazidi.

(b) Andromeda. Katika galaksi za mbali, kwa kawaida hupatikana kwazari moja tu nyuma ya kila galaksi. Ni kama kulijua shamba zima kwa kuchungulia tundu moja la ua. Lakini Andromeda iko karibu, kwa hiyo imetanda mahali pakubwa angani, na nyuma yake ziko kwazari nyingi. Mwaka 2020 kundi la Nicolas Lehner lilitangaza matokeo ya kuchunguza kwazari 43 zilizotawanyika pande mbalimbali nyuma ya gesi yake.

Walikuta kuwa gesi ya Andromeda inaenea mpaka umbali wa miaka ya nuru milioni 1.3, na pande nyingine hadi milioni 2. Kumbukeni kuwa umbali wote kutoka huko hadi hapa ni milioni 2.5. Yaani gesi yake imefika karibu nusu ya njia, na huenda tayari inagusana na gesi ya galaksi yetu. Walikuta pia kuwa gesi hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya ndani, hadi kiasi cha miaka ya nuru laki tano, ina misukosuko na mchanganyiko mwingi. Sehemu ya nje imetulia zaidi na ina joto zaidi.

Sehemu ya nyota ya Andromeda peke yake ina upana angani kama Miezi mipevu sita iliyopangwa mstari. Lau gesi yake ingeonekana kwa macho, ingechukua sehemu kubwa ya anga letu la kaskazini. Al-Sufi aliona wingu dogo. Kumbe wingu lenyewe lilikuwa limezungukwa na wingu kubwa mno ambalo hakuna jicho linaloliona.

6. GESI HII INA FAIDA GANI?

Galaksi yetu huzaa nyota mpya zenye uzito wa Jua moja hadi mawili hivi kila mwaka. Kwa gesi iliyomo ndani hivi sasa, ingemalizika katika miaka bilioni chache tu. Lakini galaksi imezaa nyota kwa zaidi ya miaka bilioni 10. Basi lazima inaongezewa gesi kutoka nje.

Mfano wake ni mzunguko wa maji mliousoma shuleni. Maji hupanda kutoka baharini, yakawa mawingu, yakarudi kuwa mvua, shamba likapata uhai. Gesi nayo hutupwa nje na nyota zinazolipuka, hukaa kandokando, baadhi yake hupoa na kurudi ndani, ikazaliwa nyota mpya na sayari zake. Mvua ikikatika, shamba hukauka. Gesi isiporudi, galaksi hubaki na nyota zake za zamani zinazozeeka moja baada ya moja. Kwa nini galaksi nyingine hukatikiwa na mvua hiyo, wataalamu bado wanajadiliana.

Na huenda baadhi ya oksijeni unayoivuta sasa hivi, unaposoma ukurasa huu, iliwahi kutupwa nje ya galaksi ikarudi, kabla Jua na dunia havijakuwapo. Mahali nilipopaita patupu ndipo ilipokuwa ghala.

7. MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza: tusiseme "hakuna" kwa sababu tu hatujaona. Neno "sioni" na neno "hakuna" ni maneno mawili tofauti.

Pili: tusiseme "kipo" bila ya dalili. Spitzer alikuwa na hoja nzuri mwaka 1956, lakini hoja ilingoja vipimo kwa miaka mingi.

Tatu: tuupime ushahidi. Ninyi mnaosoma elimu ya hadithi mnajua kuwa habari iliyopokewa na mtu mmoja haiwi sawa na iliyopokewa na wengi kwa njia mbalimbali. Huu ni mfano tu, kwani elimu hizi mbili kila moja ina kanuni zake. Lakini jueni kuwa hata wataalamu wa nyota hawakutosheka na kwazari moja. Walitafuta mashahidi 43, kila mmoja kutoka upande wake, ndipo wakachora ramani.

Nne: elimu ni mnyororo. Aliyeandika Isfahan mwaka 964 hakujua kuwa wingu lake dogo lingechunguzwa kwa chombo kinachozunguka dunia. Aliandika alichokiona kwa uaminifu, nasi tunafaidika hadi leo.

Tano: fursa haidumu. Darubini ya Hubble imezeeka. Tangu Juni 2024 imekuwa ikielekezwa kwa kutumia gairo moja tu, badala ya tatu za kawaida. Darubini mpya ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, huangalia miale ya infraredi, haioni urujuanimno. Wataalamu wanapanga darubini nyingine kubwa, lakini itachukua miaka mingi. Watakaoitumia ni wale ambao leo wako madarasani. Kwa nini asiwepo miongoni mwao kijana aliyeanza kusoma katika madrasa yetu?

ZOEZI

1. Eleza tofauti ya fikra ya Spitzer ya mwaka 1956 na ushahidi uliopatikana mwaka 2011.
2. Kwa nini darubini iliyo juu ya mlima haiwezi kuichunguza gesi hii kwa miale ya urujuanimno?
3. Oksijeni iliyoko mbali nje ya galaksi inatujulisha nini?
4. Kwa nini Andromeda ilifaa kuchunguzwa kuliko galaksi za mbali?
5. Kazi ya nyumbani: Chukua sidii ya zamani. Usiku, iinamishe mbele ya taa ya umeme, kisha mbele ya mshumaa, uangalie rangi zinazotokea. Je, rangi zimeungana au zina mapengo? Andika ulichokiona, si ulichotarajia kukiona. Tahadhari: usifanye zoezi hili kwa Jua, litadhuru macho yako.

HITIMISHO

Mwanafunzi aliyeniuliza swali lile sasa yuko darasa la juu. Nilimwita mbele ya wenzake nikamwambia: "Swali lako lilikuwa sahihi, na jibu langu lilikuwa na makosa." Safari hii darasa halikucheka. Wazazi wetu, mtoto akikuuliza "umejuaje?", usimkaripie, hata kama umechoka. Kama unajua, mweleze. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mtafute pamoja.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyajua na tusiyoyajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.